Ampaye Jirani Maji na Ajue Anachompa

Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya swali moja ambalo ukilisikia mara ya kwanza laonekana dogo, lakini kila tulipoligeuza tuliona uzito wake ukizidi. Nalo ni hili: mtu akimpa mwenzake maji ya kunywa kwa moyo mwema, na maji yale yakawa maangavu machoni pa wote wawili, kisha aliyekunywa akaugua, je, aliyempa ana hatia au hana?

Wako watakaojibu upesi, Hana, kwa kuwa hakukusudia mabaya. Wako pia watakaojibu upesi, Anayo, kwa kuwa mgonjwa ni mgonjwa, na kusudi jema halimponyi. Sisi twawaomba wote wangoje kidogo. Swali hili si la kukatwa kwa neno moja, wala si la wanafunzi tu wapendao kubishana. Laulizwa kila siku katika kila nyumba yenye mtungi, hata ikiwa hapana alitamkaye.

Hapa Mchombe hatuwezi kulikwepa. Kwa ndugu wasiofika huku, nchi yetu imekaa hivi: upande mmoja yasimama milima ya Udzungwa, na kutoka huko mito na vijito hushuka kwa kasi, upande wa pili limelala bonde pana la Kilombero, ambalo wakati wa masika hujaa maji hata mtu atazamaye kutoka mlimani hudhani ameona ziwa. Mto Kilombero huyakusanya maji hayo, ukaenda kukutana na Luwegu, na hapo ndipo Rufiji unapoanza. Mwaka 2002 bonde hili liliandikwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa mojawapo ya ardhi oevu zenye thamani kwa mataifa yote. Basi maji hatukunyimwa. Mpunga wetu wayajua, na samaki wetu wayajua. Lakini wingi wa maji ni jambo moja, na maji ya kunywa ni jambo jingine. Mtu aweza kusimama maji yamemfika magotini, naye asiwe na kikombe kimoja cha kumpa mtoto wake bila hofu.

Tena maji yetu yana majirani wengi. Kijito kimoja kitokacho mlimani huogewa na watu wa kitongoji cha juu. Katikati hunywesha ng'ombe wa mfugaji. Mbele kidogo mkulima huoshea humo bomba lake la kupulizia dawa ya magugu. Kisha mama wa kitongoji cha chini huja na ndoo yake akachota. Na wakati wa kilimo jamaa nyingi huziacha nyumba zao zilizo karibu na barabara, wakakaa miezi kadha wa kadha katika vibanda vya mashambani, mbali na bomba na mbali na choo, wakinywa maji ya kijito au ya shimo walilolichimba kando ya jaruba. Katika hali hiyo ni nani awezaye kusema, Maji ninywayo ni yangu peke yangu? Kila kikombe kimepita kwa watu wengine kabla ya kufika kinywani.

Wazee wetu walikuwa na sheria yao juu ya maji, nayo ilikuwa njema. Mtu akipita mbele ya nyumba yako akaomba maji, humnyimi, hata kama humjui, hata kama mna ugomvi. Ndiyo maana husemwa, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini tukiitazama sana sheria ile, twaona kwamba iliuliza jambo moja tu: Umempa, au umemnyima? Haikuuliza, Umempa nini? Wala haikuwa na njia ya kuuliza. Wazee waliyahukumu maji kwa jicho, kwa pua na kwa ulimi. Yakiwa maangavu, hayana harufu, na ni matamu kinywani, walisema ni mazuri. Hawakuwa wajinga, maana mahali pengi walitenga pa kuchotea na pa kufulia. Ila mashahidi wao walikuwa hao watatu tu, na mashahidi hao hudanganyika.

Ili tujue hudanganyika kwa kiasi gani, twende kwanza mbali, mpaka mji wa London, kwa sababu huko ndiko jambo hili lilikoshuhudiwa kwa hesabu. Ndipo tutarudi bondeni kwetu. Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Soho, na kabla ya ugonjwa kwisha watu zaidi ya 600 walikuwa wamekufa karibu na njia iitwayo Broad Street. Wakati ule matabibu wengi wa Ulaya walifundisha kwamba kipindupindu huletwa na hewa yenye uvundo. Daktari mmoja, John Snow, hakukubali. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza kila mahali palipofiwa, Maji mlikunywa ya wapi? Akaona kwamba wengi wa waliokufa walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja iliyosimama katika njia ile. Tarehe 8 Septemba wakuu wa mtaa wakauondoa mpini wa pampu, ingawa ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua, kwa kuwa wengi walikuwa wamekimbia.

Katika habari alizozikusanya daktari yule kuna moja itushikayo sana. Mjane mmoja alikuwa amehama mtaa ule akaenda kukaa Hampstead, mbali na ugonjwa. Lakini aliyapenda maji ya pampu ile kwa utamu wake, nao wanawe, waliokuwa na kiwanda chao Broad Street, walimpelekea chupa kila mara. Mjane akanywa, akafa. Mpwa wake, aliyekaa Islington, akaja kumtazama, naye akanywa maji yale, akarudi kwake akafa. Tazameni, ndugu: wana walimpenda mama yao, na mama akamkaribisha mpwa wake. Hapana hata mmoja aliyekusudia neno baya. Maji yalipita katika mikono ya upendo tupu, yakaua.

Yuko na mtu mwingine wa kutajwa, kasisi kijana wa mtaa ule, jina lake Henry Whitehead. Huyu hakuamini maneno ya Snow, akajitia kuuliza habari mwenyewe ili ayapinge. Kwa kuwa aliwajua watu wa mtaa kwa majina, alirudi katika nyumba zao tena na tena, na kila aliporudi ushahidi ukazidi kumgeuka. Mwisho ni yeye aliyegundua kwamba mtoto mchanga wa nyumba iliyo karibu na pampu aliugua kabla ya wengine, na kwamba mama yake alifua nguo za mtoto na kuyamwaga maji katika shimo la uchafu, ambalo kuta zake zilikuwa zimebomoka, nalo halikuwa mbali na kisima hata mita moja. Kasisi akakubali kwamba ameshindwa. Twamheshimu kwa hilo, maana aliwapenda watu wa mtaa wake kuliko maoni yake.

Basi, je, wana wa yule mjane walikuwa na hatia? Sisi twasema, La. Walihuzunika, na huzuni yao ilikuwa kubwa, lakini hatia hawakuwa nayo. Kwa sababu ujuzi uliotakiwa ili wayajue yale maji haukuwa umefika kwa mtu ye yote isipokuwa wachache waliokuwa wakiutafuta. Kimelea chenyewe cha kipindupindu Robert Koch alikichunguza Misri mwaka 1883 na India mwaka 1884, miaka karibu 30 baadaye. Hatuwezi kumdai mtu asichoweza kukijua.

Lakini hapo ndipo swali linapotugeukia sisi, maana sisi hatuishi mwaka 1854. Na asije mtu akadhani kwamba hayo ni mambo ya London tu. Mwezi wa Juni 1997 kipindupindu kilizuka Ifakara, mji wetu wa karibu, mahali penye hospitali na penye watafiti. Watafiti walifanya kama alivyofanya Snow, ila kwa taratibu zaidi: waliwachukua wagonjwa 180 wa kwanza walioletwa hospitali, na kwa kila mgonjwa wakatafuta watu wawili wanaofanana naye ambao hawakuugua, jumla 360, wakawauliza wote mambo yale yale. Mambo matatu yakaonekana zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa wazima: kuoga mtoni, kukaa mbali na mahali pa kuchota maji, na kula samaki wakavu. Tena vimelea vya kipindupindu vilipatikana katika chanzo kikuu cha maji cha mji, na vilipopimwa kwa undani vilikuwa vya namna moja na vile vilivyotoka katika miili ya wagonjwa.

Yafaa tuyatafakari mambo hayo matatu, kwa maana ni maisha yetu wenyewe. Ni nani huku asiyejua kuoga mtoni baada ya kazi ya shamba? Ni nani asiyenunua samaki wakavu wa Kilombero? Na lile la umbali lina fundisho lake: aliye mbali na maji huchota kidogo, na aliye na maji kidogo huyahesabu, hunywa kwanza, hupika pili, na mikono huioshea yabakiayo, yakibaki. Hivyo maji machache nayo ni hatari, si maji machafu peke yake.

Sasa twaweza kulisema neno letu waziwazi. Katika mambo ambayo jicho haliyaoni, moyo mwema hautoshi. Ampendaye jirani yake ana deni la kujua anachompa, kwa kadiri ujuzi ulivyomfikia na kwa kadiri uwezo wake ulivyo. Tendo moja, la kumpa mtu kikombe cha maji maangavu yasiyojulikana, lilikuwa bila hatia kwa wale waliotutangulia. Kwetu sisi tuliokwisha kuambiwa si lile lile tena. Ujinga ambao mtu hana njia ya kuuondoa ni msiba. Ujinga ambao mtu anao mlango wa kuutokea, naye ameufunga, ni uchaguzi.

Twajua yako maneno yatakayoletwa kinyume, nasi tutayajibu moja moja kwa heshima.

Neno la kwanza ni la wazee wengine: Baba zetu walikunywa maji haya haya, wakaishi, wakazeeka. Ni kweli, wako waliozeeka. Lakini katika jambo hili anayeshuhudia ni yule aliyepona tu. Waliokufa kabla ya kuota meno hawakuacha neno, wala hawaketi nasi barazani kusimulia. Muulizeni bibi mzee wa mahali po pote idadi ya watoto aliowazaa, kisha idadi ya aliowalea, mkasikilize tofauti ya hesabu hizo mbili. Sisi ambao kazi yetu hutuita makaburini twajua kaburi la mtoto lina urefu gani. Na matangani husemwa upesi kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mauti yako mikononi mwake, hilo hatulikani. Lakini kumtwika Mungu kazi iliyofanywa na choo kilichochimbwa juu ya kisima si uchaji, ni kumsingizia. Kuhara kwa mtoto kuna njia yake, nayo yajulikana: kinyesi, maji, mkono, kikombe. Njia ijulikanayo yaweza kuzibwa.

Neno la pili ni zito zaidi, nalo hutoka kwa maskini: Mwaniambia nichemshe maji, na kuni nazitoa wapi? Msitu wa mlimani umekatazwa, mkaa wauzwa kwa bei, na siku nzima niko shambani. Hapa twataka tuwe waangalifu, tusije tukamtwika mzigo yule aliye na mgongo dhaifu kupita wote. Ni rahisi sana kwa mtu aliyeketi mezani kuandika kwamba mama na achemshe maji. Huyo mama huamka kabla ya jogoo, huchota, hutwanga, hulima, hunyonyesha. Tukisema kwamba hatia yote ya maji iko juu ya kichwa chake pamoja na ndoo, tumedhulumu. Deni la kujua hupimwa kwa ujuzi na kwa uwezo. Aliye na vyote viwili anadaiwa zaidi. Aliye na kimoja anadaiwa kidogo. Asiye na hata kimoja anadai yeye.

Basi tuwapange kwa haki. Wa kwanza kudaiwa ni yule ajuaye kwamba kisima cha watu wengi ni kibaya, naye akanyamaza, ama kwa kuogopa lawama, ama kwa kuwa nyumbani kwake yeye hununua maji ya chupa. Wa pili ni mwenye shamba, mwenye mifugo au mwenye karakana aliye juu ya mkondo, ambaye faida ni yake na taka ni za wengine. Wa tatu ni sisi wenye nyumba tuwezao kuchimba choo mahali pafaapo, ila twachimba palipo karibu ili kupunguza kazi. Mama mwenye ndoo ni wa mwisho kabisa, na kabla ya kumwuliza kwa nini hakuchemsha yatupasa tumwulize ni nani aliyemsaidia kupata kuni.

Neno la tatu ni hili: Maji ni kazi ya serikali. Na hilo nalo lina ukweli wake. Mwaka 1971 nchi yetu ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mtu wa kijijini maji safi na salama umbali usiozidi mita 400 kutoka kwake. Mwaka 1991 ulipofika, lengo lile lilikuwa bado mbali. Pampu nyingi zilijengwa, na nyingi zikanyamaza kwa kukosa mafuta, kifaa, au mtu wa kuzitunza. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikataka wananchi wenyewe wachangie na kuendesha miradi yao; na mwaka 2019 ukaanza Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ambao twauita RUWASA, kusimamia kazi hii pamoja na vyombo vya watumia maji. Hata ulimwenguni, tarehe 28 Julai 2010 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba maji salama ni haki ya kila mwanadamu. Kwa hiyo kudai si utovu wa adabu. Raia adai kile kilicho haki yake, adai kwa sauti, adai kwa mkutano na kwa barua.

Lakini haki ya kudai haitufutii wajibu wa kutunza. Serikali yaweza kuleta bomba. Haiwezi kukaa kila siku kando ya bomba ikimzuia mtoto asilichezee, wala kuketi na kamati ya maji ikihesabu fedha za kopo la mwezi. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Kisima kilichokufa kwa sababu fedha ya kununulia kifaa imeliwa ni wizi, nao si wizi wa fedha tu. Aliyezila ameiba afya ya watoto ambao hata majina yao hayajui.

Na hapa twafikia tabia moja ya maji iliyo ngumu kuliko zote. Wahenga wasema, Mchuma janga hula na wa kwao. Methali hii hutuonya vema, kwa kuwa mtu huogopa kuwadhuru wa nyumbani mwake. Lakini katika mambo ya mto, mchuma janga mara nyingi hali. Aliye juu hutia uchafu, akanywa maji yake yaliyo safi bado. Janga hushuka na mkondo, likaliwa na watu wa chini asiowajua. Tena uchafu hauji na jina. Wachafuzi wakiwa 100, kila mmoja husema, Langu ni tone, nalo tone haliui. Hivyo hatia hugawanywa mpaka kila mtu aonekane hana kitu, hali kaburi ni moja na limejaa. Dawa yake ni kwamba kila aliye juu ajihesabu kana kwamba yeye ndiye anywaye chini. Tena asisahau kwamba hapana mtu aliye juu kabisa. Kila mmoja wetu ana watu walio juu yake, na yeye mwenyewe yuko juu ya wengine.

Huenda mtu akasema, Basi yatosha, tutachemsha, na neno limekwisha. Ndugu, kuchemsha ni kwema sana, lakini ujuzi haukomi hapo. Wasomaji wetu wa kaskazini, wa upande wa Arusha na Meru, wajua habari ya madini ya floraidi yaliyomo katika maji ya huko, yatokayo katika miamba ya volkano. Hayaonekani, hayanuki, na moto hauyaondoi. Mtoto ayanywaye kwa wingi meno yake hugeuka rangi ya udongo, na yakizidi sana mifupa hupindika. Shirika la Afya Duniani limeweka kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kuwa mpaka. Lakini kwa miaka mingi kipimo cha nchi yetu kwa maji ya vijijini kiliruhusu hata miligramu 8, kwa kuwa mahali pengi hapakuwa na maji mengine, na kuyafunga yale kulikuwa sawa na kuwaambia watu wahame.

Twalitaja jambo hili si kwa kulaumu, bali kwa kuwa lafundisha mambo mawili. La kwanza, maji hayajulikani mpaka yapimwe. Kisima cha jirani kuwa chema si ushahidi kwamba chako ni chema. La pili, wakati mwingine hatuchagui kati ya jema na baya. Twachagua kati ya baya na baya zaidi. Kumfungia mtu kisima chake cha pekee bila kumwonyesha kingine kwaweza kumdhuru kuliko kisima chenyewe, kama tulivyoona Ifakara kwamba aliye mbali na maji aliugua zaidi. Lakini hata hapo ukweli haufungwi. Yule anayelazimika kutoa maji mabaya kwa kuwa hana mengine, na awaambie watu kwamba ni mabaya, kwa kiasi gani, na lini mengine yatapatikana. Anywaye hali akijua ataweza kujikinga; anywaye hali amefichwa ameibiwa hata hiari yake.

Tena ulimi usituongoze. Kisima cha pampu kikiwa na madini ya chuma, maji yake huwa na ladha ya kutu, huacha alama katika sufuria, na watu hukikimbia wakarudi mtoni kwenye maji matamu. Yule mjane wa Hampstead naye aliyapenda maji matamu. Ni heri kuvumilia ladha ya kutu, ambayo haiui, kuliko utamu usiojulikana.

Kwa kuwa hatupendi kuwaacha wasomaji na mawazo matupu, twaongeza maneno machache ya matendo. Choo na kiwe mbali na kisima, si chini ya mita 30, wala kisiwe upande wa juu wake. Maji yachemshwe mpaka yatokote kweli, mapovu makubwa yapande. Kisha yapoe katika chombo kile kile kikiwa kimefunikwa. Asiye na kuni atumie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Na maji yenye tope ya masika yaachwe kwanza yatulie, yakachujwe kwa kitambaa safi, kwa sababu tope huidhoofisha dawa. Aliye shambani, asiye na hiki wala kile, aweza kuyachuja maji yawe maangavu, akayatia katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi na kuilaza juani saa 6, au siku mbili kukiwa na mawingu. Mtungi uwe na kifuniko, na kata yake iwe na mpini mrefu na mahali pake pa kutundikwa, maana maji mengi hutoka bombani yakiwa mema yakaharibiwa nyumbani na mkono utumbukizwao. Na mikono ioshwe kwa sabuni.

Na mkutano wa kijiji uulizapo habari za maji, usiulize tu, Yanatoka? Uulize pia, Yamepimwa lini, na yameonekanaje? Wapimaji hutafuta kimelea kiitwacho E. koli, ambacho makao yake ni matumbo ya watu na wanyama. Aina zake nyingi hazidhuru, lakini kuonekana kwake ni ushahidi kwamba kinyesi kimeingia. Na katika maji ya kunywa ya kiasi cha mililita 100 hakitakiwi kionekane hata kimoja. Jibu la swali hilo si siri ya wataalamu. Ni mali ya wale wanywao, na yafaa libandikwe mahali wote wapitapo.

Sasa tulijibu swali tuliloanza nalo. Mtu aliyempa mwenzake maji maangavu kwa moyo mwema, akamwuguza, je, ana hatia? Twajibu: asiyeweza kujua hana, naye yafaa afarijiwe. Aliyeweza kujua, naye hakutaka kuuliza, anayo sehemu yake. Na aliyejua akanyamaza ana sehemu iliyo kubwa kupita zote, hata kama hakukishika kikombe kwa mkono wake. Wazee walituachia sheria ya kutomnyima mtu maji. Hatuitangui, twaongeza neno moja tu ambalo wao hawakuwa na njia ya kulijua, kwamba ampaye jirani maji na ajue anachompa. Na asiyejua, na aulize leo, kabla ya kuchota tena.